Nafasi Nne za Mwanzo wa Mstari

Mwaka 2011 nilikosa kazi kwa sababu ya nafasi tupu. Nazungumzia ile nafasi inayotoka ukibonyeza kitufe kirefu kilicho chini ya kibodi. Haina wino, haina sauti, na hakuna mtu huihesabu anaposoma. Lakini ilinikosesha mshahara wangu wa kwanza.

Nilikuwa nyumbani Makindu, nimemaliza chuo, nasaka kazi kama kila mtu. Kampuni moja ya Nairobi ikanitumia swali la majaribio: andika programu fupi inayopitia orodha ya wateja, inawatumia ujumbe wale wenye deni, halafu inasema wateja wote walikuwa wangapi. Nikaiandika usiku kwa laptop ya kuazima, nikaijaribu, ikakubali. Asubuhi nikaibeba kwa flashi hadi saiba moja karibu na barabara kuu ya Mombasa. Mashine nne, shilingi moja kwa dakika. Nikafungua imeili, nikanakili, nikabandika, nikatuma. Nilikuwa na mbao moja tu mfukoni, kwa hivyo sikukaa kukagua.

Jibu lilikuja baada ya siku mbili. Sentensi moja: programu yako haifanyi kazi, asante kwa kujaribu.

Nikarudi saiba, nikafungua ile barua niliyotuma. Nilichokuwa nimeandika ni hiki:

hesabu = 0
for mteja in wateja:
    if mteja.deni > 0:
        tuma_ujumbe(mteja)
    hesabu = hesabu + 1

Kilichofika Nairobi ni hiki:

hesabu = 0
for mteja in wateja:
if mteja.deni > 0:
tuma_ujumbe(mteja)
hesabu = hesabu + 1

Mwenye saiba alikuwa mzee aliyestaafu ualimu, na sote tulimwita Mwalimu. Alichungulia juu ya bega langu.

"Sasa shida iko wapi? Si maneno yote yako hapo?"

"Yako, Mwalimu. Ni nafasi ndizo hazipo."

"Nafasi ni nini, kijana? Si ni hewa tu?"

Sikuwa na jibu. Nimekaa na swali hilo miaka mingi, na leo nataka kumjibu.

Hewa yenye maana

Tuanze na ile programu. Imeandikwa kwa Python, lugha ambayo Guido van Rossum aliitoa mwaka 1991. Lugha nyingi za kompyuta hutumia mabano kuonyesha jambo lipi liko ndani ya lipi. Python hutumia nafasi. Mstari uliosukumwa ndani uko chini ya ule ulio juu yake, kama vile mjukuu yuko chini ya mtoto na mtoto chini ya mzazi. Desturi ni nafasi nne kwa kila kizazi.

Ukizifuta, Python inagoma hapo hapo. Na kugoma ni afadhali. Hatari zaidi ni msomaji mwema anayejaribu kukusaidia kwa kukisia. Ule mstari wa mwisho, wa kuongeza hesabu, uko chini ya "for" au chini ya "if"? Tuseme duka lina wateja 100 na 12 wana deni. Ukiuweka chini ya "for" utapata 100. Ukiuweka chini ya "if" utapata 12. Maneno ni yale yale, herufi ni zile zile. Tofauti nzima ya watu 88 imo ndani ya hewa.

(Nitasema "msimbo" hapa, ingawa wengi tunasema "kodi" mtaani. Ukiandika kodi, kuna wasomaji watadhani nazungumzia KRA.)

Kwa muda mrefu niliamini kosa lilikuwa langu peke yangu. Baadaye nikagundua kwamba ni kosa lenye umri wa zaidi ya karne, na kwamba sehemu ya ukoo wake ilipita hapo hapo Makindu, juu ya nguzo.

Waya ya kwanza

Reli ya Uganda ilianza Mombasa mwaka 1896. Mwaka 1898 ilikuwa Tsavo, na Mei 1899 ikafika Nairobi. Katikati ya hizo mbili ndipo ilipopita kwetu. Wafanyakazi karibu 32,000 waliletwa kutoka India kuijenga, na karibu 2,500 kati yao walikufa. Hekalu la Masingasinga la Makindu, lililojengwa mwaka 1926, ni alama ya jamii iliyokuja na reli hiyo. Hadi leo msafiri yeyote anaingia pale, anakula bure, na hakuna anayemuuliza dini yake.

Pamoja na chuma kilichokuwa chini kulikuwa na waya juu. Reli ya njia moja haiwezi kuishi bila waya, kwa sababu treni mbili zikikutana katikati hakuna ya kupisha. Kila masta wa stesheni alihitaji kumuuliza mwenzake wa mbele kama njia ni nyeupe kabla hajaachilia treni. Na si treni tu. Mnamo Juni 1900 simba alimtoa afisa wa polisi wa reli, Charles Ryall, ndani ya behewa pale Kima, ambayo leo iko Makueni. Katika nyika kama ile, waya ndiyo iliyokuwa njia ya haraka ya kupata habari au kuomba msaada.

Upande wa bahari, waya ilikuwa imetangulia. Kebo ya chini ya bahari iliunganisha Aden na Zanzibar mwaka 1879, kisha Zanzibar na Mombasa mwaka 1890. Kwa hivyo mwanzoni mwa karne ya 20 neno lingeweza kusafiri kutoka London hadi nyikani Ukambani bila mtu kulibeba.

Waswahili wakaliita jambo hilo simu. Asili yake ni Kiajemi, na maana yake ni waya. Zamani ukisema "nimepata simu" watu walielewa umepokea karatasi, tena mara nyingi walikaa chini kwanza, maana habari ya msiba ilikuja hivyo.

Sasa tazama waya ilibeba nini. Msimbo wa Morse una vitone na vistari. Hauna herufi kubwa na ndogo, wala hauna njia ya kusema "mstari huu uanze ndani kidogo". Na ulilipia kwa neno, kwa hivyo watu walikata salamu, wakakata viunganishi, wakabakisha mifupa. Karani hakuahidi kutuma barua yako. Aliahidi kutuma maneno yako, na umbo la karatasi ulimwachia mezani.

Lakini kulikuwa na huduma moja nzuri. Ukitaka uhakika, uliongeza pesa kidogo, na ujumbe ulirudishwa kutoka upande wa pili ili ulinganishwe na ule ulioandika. Kumbuka jambo hilo. Nitalirudia.

Safu 80, alama 128

Kompyuta zilipokuja zilirithi tabia za waliozitangulia. Mwaka 1928 IBM ilitoa kadi ya kutoboa yenye safu 80. Watengenezaji wa skrini wakaja kuifuata, na hadi leo waandika programu wengi huona mstari uliozidi herufi 80 kama mtu anayeongea bila kupumua.

Mwaka 1963 ikaja ASCII, orodha ya alama 128 za kuandikia. Ndani yake kulikuwa na herufi za Kiingereza na vitu vya kuongoza mashine. Ray Tomlinson alipotuma barua pepe ya kwanza kati ya kompyuta mbili za mtandao wa ARPANET mwaka 1971, na kuchagua alama ya @, alitumia alama hizo. Barua pepe ikakua kama maandishi matupu: hakuna rangi, hakuna wino mzito, hakuna picha. Waliotaka kusisitiza neno walilizungushia nyota. Waliotaka kunukuu waliweka alama ya > mwanzoni mwa mstari.

Huo ulikuwa umaskini, lakini ulikuwa umaskini mwaminifu. Ukiweka nafasi nne, zinafika nne.

Kiswahili kiliponea hapo. Herufi zetu zote zimo ndani ya zile 128. Kikamba hakikuponea. Kina irabu saba, na mbili kati yake huandikwa ĩ na ũ. Hazimo kwenye ASCII. Kwa miaka mingi anayeandika Kĩkamba kwa barua pepe, na baadaye kwa SMS, aliandika i na u kavu, na msomaji akajijazia. Mwaitu akikuandikia kutoka nyumbani utaelewa, kwa sababu unaijua sauti yake. Kompyuta haijui sauti ya mtu. Ndiyo maana naona kile kilichoupata msimbo wangu hakina tofauti na kilichoipata lugha ya nyanya yangu: waya ilibeba kile ambacho wenye waya walidhani ni muhimu.

Kuandika nje ya mtandao

Kenya haikuungana na intaneti kamili hadi katikati ya miaka ya 1990. Kabla ya hapo barua pepe ilikuwepo, ila ilisafiri kama matatu ya kijijini: inangoja ijae. Nairobi kulikuwa na shirika la mazingira, ELCI, lililoendesha kituo cha mtandao wa Fidonet. Uliandika barua yako kwenye kompyuta yako, modemu ikapiga simu kwenye kituo, ikaziacha barua, kituo nacho kikazikusanya na kuzipeleka ng'ambo. Dakika za simu za kimataifa zilikuwa ghali mno, na shirika la posta na simu la serikali ndilo lililokuwa na waya zote.

Kwa hivyo hakuna aliyeandika barua akiwa ameunganishwa. Huo ungekuwa wazimu. Uliandika kwenye kihariri, ile programu nyepesi ya maandishi matupu, ukasoma tena, ukarekebisha, ndipo ukaunganisha, ukatuma, ukakata. Tabia hiyo iliishi muda mrefu. Hata sisi wa saiba, miaka 15 baadaye, tuliandika kwanza kwa Notepad, halafu tukanunua dakika. Mtu wa California alitumia kihariri kwa sababu alikipenda. Sisi tulikitumia kwa sababu saa ya Mwalimu ilikuwa inahesabu.

Na kati ya vihariri hivyo, kuna kimoja chenye undugu na Afrika Mashariki. Kinaitwa Vim. Bram Moolenaar, Mholanzi, alikitoa mwaka 1991. Mwaka 1994 alikaa Kibaale, mji mdogo wa kusini mwa Uganda, akijitolea kwenye kazi za maji na usafi, wakati UKIMWI ulikuwa unawaacha watoto wengi wa eneo la Rakai bila wazazi. Aliporudi kwao hakusahau. Vim ni bure, lakini ukiifungua bila faili, skrini ya kwanza mara nyingi hukuomba uwasaidie watoto maskini wa Uganda. Moolenaar alifariki Agosti 2023. Kwa miaka mingi, mwandika programu aliyefungua Vim hivyo, awe Tokyo au Berlin, mara nyingi alikutana na jina la jirani yetu kabla hajaandika herufi moja.

Barua ilipovaa suti

Mwaka 1992 Nathaniel Borenstein na Ned Freed walichapisha MIME, utaratibu ulioiruhusu barua pepe kubeba picha, sauti, viambatisho na alama za lugha nyingine. Lilikuwa jambo jema. ĩ na ũ zilipata mlango.

Lakini kupitia mlango huo huo ikaingia HTML, lugha ya kurasa za wavuti. Hotmail ilikuja 1996, Yahoo Mail 1997, Gmail 2004, na sasa barua ikaandikwa ndani ya kivinjari. HTML ina tabia moja ambayo wengi hawaijui: nafasi kumi zikifuatana, inazionyesha kama moja, na zile za mwanzo wa mstari inazimeza kabisa, isipokuwa umeiambia waziwazi isifanye hivyo. Iliundwa kwa ajili ya aya za maneno, na kwa maneno haina shida.

Zikaongezeka huduma ambazo hakuna aliyeziomba. Mstari mrefu unakatwa katikati. Alama nyoofu ya kunukuu inapindwa ili ipendeze. Kwenye barua ya mapenzi hiyo ni sawa. Kwenye msimbo, alama iliyopinda ni herufi nyingine kabisa, na programu inakataa. Hata Kiswahili kinaguswa: ng'ombe yenye kialama kinyoofu na ng'ombe yenye kilichopinda zinaweza kuwa ng'ombe wawili tofauti mbele ya kompyuta inayotafuta neno.

Kuna watu waliokataa suti hiyo hadi leo. Waandika programu wa Linux hutumiana mabadiliko ya msimbo ndani ya barua pepe za maandishi matupu, wala hawataki kiambatisho, ili mwenzako aweze kunukuu mstari na kuujibu papo hapo. Mwongozo wao una ukurasa mzima kuhusu programu za barua zinazoharibu msimbo, na unasema wazi kwamba Gmail ya kivinjari haifai, kwa sababu inageuza Tab kuwa nafasi. Linus Torvalds alipoandika Git mwaka 2005, haikuchukua muda ikapata amri yake ya kutuma barua, ili msimbo utoke kwenye kihariri hadi kwa mpokeaji bila kupitia mikono ya mshonaji suti yeyote.

Siku niliyousoma mwongozo huo nilicheka kwa uchungu. Kumbe wakubwa wa dunia nzima walijua, na walikuwa wameandika. Ni sisi wa nyuma ya stage ndio hatukuambiwa.

Nani hulipia nafasi iliyopotea

Hapa ndipo historia hii inaponigusa. Kosa la aina hii humpata kila mtu, lakini halimgharimu kila mtu sawa. Mtu aliyekaa ofisi moja na bosi wake akituma msimbo ukaharibika, bosi atageuza kiti na kumwambia, "Hebu nitumie tena." Aliye mbali hana kiti cha kugeuziwa. Ameonekana kupitia waya tu, na waya ikisema hajui kazi, basi hajui.

Mwaka 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, Ushahidi ilijengwa kwa siku chache na watu waliokuwa nchi tofauti: Ory Okolloh, Erik Hersman, Juliana Rotich, David Kobia na wenzao. Ilionyesha kwamba umbali si kizuizi cha kuandika programu. Mwaka uliofuata kebo za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa, na tangu hapo mawasiliano ya Nairobi na dunia yakapita chini ya bahari, kama ile waya ya 1890. Mwaka 2013 Rais Kibaki alizindua ujenzi wa Konza, mji wa teknolojia, ndani ya kaunti yetu ya Makueni. Reli mpya ya 2017 nayo ilipita, ila abiria wa Makindu hupandia Kibwezi au Emali. Sisi tumezoea mambo makubwa yanayopita karibu.

Kwa hivyo nikiulizwa maendeleo ni nini, sikimbilii kasi. Mwaka 1900 neno lilifika Makindu haraka kuliko farasi yeyote. Swali langu ni kama kilichofika ndicho kilichotumwa.

Nitumie tena

Mwaka jana binti ya mjomba, anayesomea kompyuta, alinitumia programu yake kwa WhatsApp kutoka Makindu. Nikajiandaa kwa msiba. Nikafungua, nikakuta kila mstari umekaa mahali pake, kwa herufi za upana mmoja. Alikuwa ameweka vile vialama vitatu vilivyoinama mwanzoni na mwishoni, ambavyo huiambia WhatsApp isiguse kitu. Mtindo huo ni ndugu wa zile nyota za barua pepe za zamani: alama tupu zinazoonekana, ambazo hata zikikosa kutafsiriwa bado unaelewa mwandishi alitaka nini.

Nikampigia. "Nani alikufundisha?"

"Hakuna. Nilijitumia kwanza mwenyewe, nikaona imeharibika. Nikatafuta njia."

Alijitumia kwanza. Bila kujua, alikuwa amefufua ile huduma ya telegrafu ya kurudishiwa ujumbe ulinganishe, ile watu waliyoilipia pesa ya ziada. Kwake imegharimu bando kidogo na dakika mbili.

Nami siku hizi hufanya hivyo hivyo. Naandika kwenye kihariri, nafasi nne badala ya Tab, mistari mifupi. Ikiwa ni kazi ya mtu, natuma faili kama kiambatisho, kisha ndani ya barua naandika kwa maneno: mstari wa mwisho uko chini ya "for". Nikiwa upande wa kupokea, na msimbo wa kijana nisiyemjua ukafika umelala wote kushoto, siandiki ile sentensi moja niliyoandikiwa mimi. Naandika maneno mawili: nitumie tena.

Mwalimu alifunga saiba simu janja zilipojaa mji. Tulikutana karibuni nje ya hekalu, amekuja kumwona mgeni. Nikamkumbusha lile swali lake la hewa, nikamweleza habari ya wateja 100 na 12. Akatikisa kichwa.

"Yaani watu 88 walipotelea hapo kwangu, kwa shilingi moja kwa dakika?"

"Hapo hapo, Mwalimu."

"Ungeniambia. Ningekuongezea dakika ya kukagua."